Nyumba za plastiki za zamani za treni ya kuchezea: uanze na zipi

Baba mkwe wangu amekulia Pennsylvania, na kwao kila Desemba treni ya kuchezea ya Lionel ilikuwa inazunguka chini ya mti wa Krismasi. Siku aliponifungulia boksi lake nilijua atatoa injini kwanza, kumbe akatoa kanisa. Kanisa dogo la plastiki nyeupe, akaweka balbu ndani, akazima taa ya sebuleni, na kuta zote zikawaka maana plastiki yenyewe nyembamba, mwanga hautokei madirishani tu, unapenya ukutani kabisa. Mzee akakaa kimya muda mrefu anaangalia. Tangu siku hiyo nimekuwa nazitafuta hizi nyumba, na hii orodha nimeipanga kwa kufuata ule mwanga, siyo kwa bei za mnadani.

1. Plasticville za mtumba, bila boksi

Hapa ndo pa kuanzia, sina wasiwasi kabisa. Plasticville ni jina la nyumba za plastiki zilizotengenezwa na Bachmann Bros. ya Philadelphia, kampuni ya tangu 1833 ambayo kabla ya nyumba hizi ilishatengeneza vitana na miwani. Mwaka 1947 wakatoa uzio wa plastiki wa kuzungushia mti wa Krismasi, halafu nyumba zikafuata: kanisa, kituo cha zimamoto, shule, ghala la mkulima, supamaketi, stesheni, mji mzima yaani.

Uzuri wake ni kwamba vipande vinabanana vyenyewe, hakuna gundi. Sikukuu zikiisha mtoto anabomoa mji anaurudisha kwenye boksi, mwakani anaujenga tena na barabara anazipanga anavyotaka. Na wewe leo, miaka sabini baadaye, unaweza kuzifungua ukaziosha na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo (maji ya moto usijaribu, plastiki inajikunja).

Kabla hujalipa omba picha ya pembe za nyumba kwa ndani. Angalia vile vijino vinavyoshikanisha kuta, vikivunjika nyumba haisimami vizuri tena. Angalia kama kuna mtu aliwahi kupaka gundi, maana gundi ya plastiki inayeyusha pale inapogusa na hiyo alama haitoki, mi nikiiona naacha hata kama bei ni ya bure. Bomba la moshi ndo kitu kinachopotea kuliko vyote, kwa hiyo uliza. Nyeupe iliyogeuka manjano kidogo kwa jua hiyo chukua tu, taa ikiwaka usiku huioni.

Halafu skeli, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi, hapa wengi wanaumia. Lionel za kawaida zinahesabiwa skeli ya O, 1:48, treni za American Flyer za baada ya Vita vya Pili vya Dunia ni S, 1:64, na Plasticville kubwa zimekaa katikati ili zifae kote kuwili. Lakini miaka ya 1950 wakatoa na ndogo za HO, 1:87, jina ni lilelile na majengo mengine yanafanana, picha ya muuzaji haikuonyeshi ukubwa, kwa hiyo mwambie aweke rula pembeni apige picha upya.

2. Plasticville kwenye boksi lake, rangi adimu

Jengo lilelile lilitoka kwa rangi tofauti za kuta na paa, na kuna rangi wakusanyaji wanazigombania. Ni nzuri sana, ila ukishalipa hela hiyo utaogopa kumpa mtoto aijenge. Kama unataka hivi nenda kwenye maonyesho ya treni ya York, Pennsylvania, yanafanyika Aprili na Oktoba, ukashike kwa mkono wako. Boksi peke yake lisikudanganye, hesabu vipande.

3. Airfix, kwa waliokulia Uingereza

Kama kumbukumbu yako ni Hornby Dublo, treni za kuchezea za Uingereza, basi hizi ndo zako, skeli ya OO, 1:76. Hizi ni za kuunganisha kwa gundi, kwa hiyo ubora unategemea mkono wa aliyeijenga zamani hizo. Kalibu nyingi za Airfix baadaye zilienda kampuni ya Dapol, na majengo kadhaa bado yanatoka mapya, ukikosa ya zamani hujakosa yote.

4. Faller za Ujerumani

Ndugu wawili, Hermann na Edwin Faller, walianza 1946 kule Gütenbach, Black Forest. Kwa urembo zinawapita wote hapo juu. Nimeziweka chini kwa sababu ni za gundi, haziji zikabomolewa tena.

5. Plasticville mpya

Bachmann bado wanazitoa. Zinafaa kujazia mji, au kwa mtoto mdogo sana.

Kuhusu taa: weka LED, siyo balbu za zamani, zile zinapata joto na paa linainama kidogo kidogo. Ya baba mkwe nimeshambadilishia. Sasa hivi namtafutia hospitali, ile iliyokuja na vitanda vyake ndani, maana ya kwake vitanda vilipotea akiwa na miaka minane na mpaka leo anavitaja.