Hema la kusimama wima na kitanda cha kukunja: uzoefu wangu baada ya kustaafu

Mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 66, naishi Morogoro. Mtoto mmoja yuko Dodoma, mwingine Arusha, na kitinda mimba tuko naye hapa hapa, ndiye dereva wangu. Nyumbani kwetu ni Marangu. Tangu nistaafu situlii, na safari zangu nyingi nalala kwenye hema nililonunua Kariakoo pamoja na kitanda cha kukunja. Nimevitumia kwenye mvua na kwenye vumbi, kwa hiyo nawaandikia wenzangu wenye magoti ya umri huu, na vijana wanaofikiria kuwanunulia wazazi. Vijana, someni kabla hamjatuma hela.

Hema lenyewe ni la watu wanne, lina umbo la chumba, kimo chake katikati ni sentimeta 195. Sakafu imeshonwa moja kwa moja na kuta, fito zake ni za faiba, na lote lina uzito wa kilo 13. Nililipa shilingi 420,000. Kitanda kina fremu ya aluminiamu na kitambaa kigumu, kimo sentimeta 45, na kwenye mfuko wake wameandika kinabeba kilo 120. Hicho kilikuwa shilingi 160,000. Chapa sizitaji, maana mbele kuna lawama, na hata hivyo hema hilo hilo utalikuta kwenye maduka matatu likiwa na majina matatu.

Nianze na kitanda. Dukani macho yote yanakwenda kwenye hema, lakini kwa mtu mzima kitanda ndicho kinachoamua kama utarudi tena porini au utaapa basi. Vitanda vingi vya kukunja vinavyouzwa vina kimo cha sentimeta 25 mpaka 30. Ukikikalia, magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, na kusimama kutoka pale ni kazi ya paja lote. Wodini nimewanyanyua wagonjwa wengi sana, na mwenye goti bovu mara nyingi kutembea anatembea, ila kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi ndiko kunakomshinda. Hema la chini lina taabu hiyo mara mbili: unaingia kwa magoti, unalala chini, kisha saa nane za usiku haja inakubana na unaanza safari ya kuamka.

Kwa hiyo nilikwenda dukani na tepu ya fundi cherehani. Nilishapima nyumbani kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti langu, nikatafuta kitanda kisichopungua hapo. Kisha nikakikalia, nikakunja mikono kifuani, nikasimama bila kushika popote. Vile viwili vya kwanza vilinigomea. Muuzaji alicheka, akasema mama mbona unafanya mazoezi dukani. Nikamwambia acha nifanye hapa, kwako, nisije nikayafanya Mikumi gizani. Mnunulieni mzazi kitanda baada ya jaribio hilo, na alifanye yeye mwenyewe, si nyinyi kwa niaba yake.

Tena hata kitanda kikiwa kizuri, usiku usikurupuke. Kaa ukingoni kidogo, chezesha nyayo, ndipo usimame, hasa kama unakunywa dawa za presha. Presha hushuka mtu anapoinuka ghafla, na kwenye hema hakuna ukuta wa kukudaka.

Jambo ambalo muuzaji hatakuambia: kitanda cha kukunja kina baridi kuliko sakafu. Hewa inapita chini yako usiku kucha, na blanketi la juu halisaidii kitu, baridi inakupata kwa mgongoni. Julai kule Marangu hilo si mchezo. Dawa yake ni kutandika kitu kinene chini yako kuliko unachojifunika juu. Mimi naweka kigodoro chembamba cha sponji, juu yake blanketi la sufu lililokunjwa mara mbili, ndipo shuka. Najifunika shuka la Kimasai na blanketi jepesi, inatosha. Na naomba nisikilizwe hapa kama muuguzi: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata limebaki makaa tu, hata umeacha zipu wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na haikuamshi.

Sasa Marangu. Kila mwenye asili ya kule anaijua Desemba. Magari yanapanda kutoka kila mkoa, nyumba ya wazee inajaa, vijana wanalala sebuleni kwa mafungu, na bibi anapewa kitanda kimoja na wajukuu wanaopiga mateke. Mwaka wa kwanza nilipotandaza hema langu kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, shemeji zangu walisimama barazani kuangalia sinema. Dada yangu mkubwa aliniuliza kama kuna chumba nimenyimwa, maana majirani watasema nini. Nilimwambia, dada, sijanyimwa, nimekuja na cha kwangu. Jioni akaingia kuona, akakaa kitandani, hakutoka mpaka chakula kikawa tayari. Siku hizi hema ndiyo ofisi ya wanawake wa ukoo. Anayetaka kuongea na mtu faragha, anayetaka kunyonyesha bila kelele, anayetaka kupumzisha mguu baada ya kumenya ndizi za mtori, wote wanapita hapo. Nilikuwa sijui kama nanunua kitu cha aina hiyo.

Namna ya kulisimamisha kihambani ina mambo yake. Usiliweke chini ya mparachichi. Parachichi likidondoka usiku juu ya hema, moyo unaruka, na moja bichi lilinipindia ufito. Usiliweke chini ya mgomba wenye mkungu mkubwa, wala karibu na mfereji wa maji ya shamba, kwa sababu mtu anaweza kufungulia maji alfajiri bila kukuuliza. Siafu nao ni wenyeji. Hapo ndipo nilipoishukuru sakafu iliyoshonwa na kuta: usiku mmoja walipita upande wote wa chini, asubuhi njia yao ilikuwa bado inaonekana kwenye udongo, ndani hakuna hata mmoja. Hema zenye sakafu ya kutandika peke yake zingewapokea kama wageni. Mimi namwaga pia majivu kuzunguka, kama mama alivyokuwa akifanya kuzunguka banda la kuku.

Porini ni habari nyingine. Kutoka Morogoro, Mikumi ni jirani. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza katikati ya hifadhi, unaona twiga kabla hujalipa chochote. Raia tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola wanazotoa wageni, ila langoni usije na noti, malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo wanayokupa. Kambi haina uzio. Tembo anaweza kupita, na machungwa ndani ya hema ni mwaliko. Chakula chote, hata biskuti za wajukuu, kinalala kwenye gari.

Usiku choo ni mbali na huendi peke yako, basi nasema wazi kile ambacho wazee wenzangu wananiuliza pembeni: nina ndoo yenye mfuniko. Hapo ndipo kimo cha sentimeta 195 kinapolipa. Ndani ya hema unalosimama wima mtu anajisaidia, anavaa, anajipaka mafuta kwa heshima yake, anafunga kanga vizuri. Kwenye hema la kuinama huwezi hata kuvua gauni bila kuegemea fito.

Ninakopapenda zaidi ni Udzungwa. Ile hifadhi, iliyoanzishwa 1992, hutalii kwa gari, unatembea kwa miguu na askari au muongozaji, na mzee anayetembea polepole hachelewi kuona kitu, msitu wenyewe uko karibu. Tunapiga kambi upande wa Mang'ula, usiku unasikia treni ya TAZARA ikipita chini huko. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 na njia yake ni mwinuko kweli kweli. Nimefika. Kupanda nilihema, lakini kushuka ndiko kulikouma, maana goti linabeba mwili wote kila unapoweka mguu chini. Fimbo mbili, si moja. Asiyetaka adhabu hiyo kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, karibu na lango, mjukuu wa chekechea anafika. Wajukuu zangu wa Dodoma walikutana na binamu zao wa Arusha pale kwa mara ya kwanza wakiwa na akili zao, siku nzima wakihesabu mbega na kubishana nani ameona wengi. Nyumbani wangekuwa kila mmoja na simu yake.

Ule msitu ni wa mvua, na hapo ndipo hema lilipojaribiwa. Mvua kubwa haikuingia. Kilichotulowesha kilikuwa pumzi zetu wenyewe: ukifunga madirisha yote kwa kuogopa baridi, alfajiri kuta zinatiririka kwa ndani na utadhani linavuja. Acha madirisha ya juu wazi, kifuniko cha nje kinazuia mvua. Watu wengi wanarudisha hema dukani kwa kosa hilo ambalo si la hema.

Lawama zenyewe sasa. Zipu ya mlango ni dhaifu. Ilianza kukwama mapema, na nikiipaka mshumaa kwenye meno yake inateleza vizuri, lakini kwa bei ile sikutarajia kubeba mshumaa. Mwishowe kichwa cha zipu kilikatika, nikampelekea muuzaji, akaniambia dhamana haihusu zipu. Karatasi ya dhamana haikusema hivyo popote. Nilimwachia karatasi yake. Fundi wa mabegi hapa Morogoro alibadilisha zipu yote kwa shilingi 15,000 na hiyo mpya ni nene kuliko ya kwanza. Vigingi vilivyokuja na hema ni vya waya, vinapinda kwenye ardhi kavu ya Dodoma, nikachongesha vya nondo. Mfuko wa kubebea ni mdogo mno. Ukilitoa hema mara moja halirudi humo mpaka ulipige magoti, na magoti ndiyo hayo tunayoyatunza.

Kitanda nacho kina fito mbili za kukaza kichwani na miguuni zinazotaka nguvu ya mikono. Mwenye vidole vya baridi yabisi hataweza peke yake. Mimi namwita mjukuu, anaweka mguu kwenye fremu, anavuta, kinaitika. Na zile kilo 13 za hema ni za mwenye gari au mwenye mtu wa kubeba. Anayesafiri kwa basi peke yake namshauri achukue kitanda tu, hema aache. Kinaingia kwenye buti la basi bila ugomvi, na kwenye msiba au harusi unakifungua popote ulipopewa nafasi, hata kwenye stoo ya mahindi.

Hema nalipa nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya sakafu. Kitanda nakipa tano kasoro kidogo, kwa sababu ya zile fito za kukaza. Dada yangu yule aliyeogopa majirani ameniagiza nimletee chake Desemba hii. Ni mrefu kuliko mimi, nimempima kwa simu, mjukuu akiwa ameshika tepu: sentimeta 48. Kariakoo nimeshazunguka, vya kimo hicho vipo, ila rangi ni ya jeshi tu na yeye anataka bluu.