Kozi ya kuchukua damu: tyubu mbovu, lawama kwa mikono yangu

Tyubu zilikuwa zimepita muda wake. Naanza na hilo kwa makusudi, maana nikianza na ada na ratiba nitafika kwenye tyubu hasira zimeshapoa, na sitaki zipoe.

Kozi yenyewe ni ile ya miezi michache ya kuchukua sampuli za damu, usaidizi wa maabara na huduma ya kwanza, vyote kwa mkupuo. Chuo kipo Dar, jina nalihifadhi. Bei na siku za masomo mtaambiwa mapokezi, tena kwa tabasamu. Lifaidini hilo tabasamu, ukishalipa hulioni tena.

Wiki za mwanzo tulikuwa tunachoma mkono wa plastiki, ule wenye mipira ndani inayojazwa maji mekundu. Ule mkono umeshachomwa na vizazi vya wanafunzi mpaka unavuja kwenye kiwiko. Ukitoboa popote, "damu" hiyo. Kwa hiyo wote tulikuwa mafundi. Halafu ikafika siku ya kuchomana wenyewe kwa wenyewe, wawili wawili.

Mwenzangu alikuwa mdada mmoja mwembamba, mshipa wake pale kwenye kunjo la kiwiko unauona hata kabla ya kufunga mpira. Kila kitu nilifanya kwa utaratibu. Nikamwambia ataje jina lake mwenyewe, sikumuuliza "wewe ndiye fulani?", kwa sababu mgonjwa mwenye homa kali ataitikia hata jina la jirani yake. Nikafunga mpira, nikapapasa, nikapangusa spiriti na kuiacha ikauke. Nikaingia taratibu, sindano imelazwa, mdomo wake uliokatwa ukitazama juu. Nilihisi kabisa kile kilegevu kidogo unachokisikia kidoleni sindano ikishaingia ndani ya mshipa. Nikasukuma tyubu ya kofia nyekundu kwenye kishikio.

Wapi. Hata tone.

Mwalimu akaja. "Umepitiliza." Akaishika sindano ikiwa bado iko mkononi mwa mwenzangu, akairudisha nyuma kidogo, akaisukuma tena, akaizungusha. Yule mdada akauma mdomo mpaka ukawa mweupe. Hakuna kitu. "Toa, hamia mkono wa pili." Mkono wa pili, tyubu nyingine kutoka boksi lile lile, yale yale. Darasa zima limeshatuzunguka. Ndipo akatamka, kwa sauti ya kusikika hadi ngazini: "Mama, hii mikono yako ni ya kukanda unga. Si ungebaki na chapati zako tu?"

Ni kweli nilikuwa nauza chapati na supu, na nilijitambulisha hivyo siku ya kwanza bila kuona haya. Hela ya chapati ndiyo iliyolipa ada, na ada ndiyo inayomlipa yeye mshahara. Vijana ninaoweza kuwazaa wakacheka. Mwingine akageuza uso dirishani. Mimi nimesimama, glavu zimejaa jasho, mpira wa kufunga bado uko mkononi kwa mwenzangu, na wala hakuna aliyekumbuka kuufungua. Niliufungua mimi, mwenye mikono ya kukanda unga. Tulishafundishwa usizidi dakika moja.

Sasa kwa wasiojua: zile tyubu damu haivutwi kwa mkono. Kiwandani wanaondoa hewa ndani, linabaki ombwe, na hilo ombwe ndilo linalonyonya damu kwa kiasi kilichopimwa. Lakini ombwe halikai milele, hewa hupenya kidogo kidogo, ndiyo maana kila tyubu ina tarehe ya mwisho kwenye lebo yake. Unajua nani alitufundisha hayo? Yeye! Daftari ninalo, mwandiko wangu, maneno yake.

Kijana mmoja mpole, ambaye hata jina lake sikuwa nalijua mpaka siku ile, akaokota tyubu mezani, akaiinamisha kwenye mwanga, akasoma. Hakusema kitu. Akaniwekea mbele yangu, kidole chake kwenye tarehe. Imepita zaidi ya mwaka. Nyingine, hivyo hivyo. Boksi zima. Yule mdada, Mungu ampe maisha marefu, akaniambia "dada, jaribu na bomba la kawaida." Nikachukua bomba la kawaida la sindano, nikavuta kidogo tu, damu ikaja kama maji ya bomba la mtaani usiku wa manane. Darasa kimya.

Mwalimu akatazama saa yake. "Haya, wengine endeleeni." Basi. Si samahani, si pole kwa yule mtoto wa watu ambaye kesho yake alikuja na viwiko vya zambarau. Wengine wakaendelea, na tyubu zile zile, kwa maana hazikuwepo nyingine.

Kukosa vifaa naweza kusamehe, nchi hii nani hajawahi kukosa kifaa. Nisichosamehe ni kwamba mtu wa namna hiyo anafundisha watakaokuja kukuchoma wewe na mama yako. Tyubu ya kofia ya bluu, ya kupima kuganda kwa damu, ina dawa iliyopimwa: sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya dawa. Ombwe likilegea, tyubu haijai, uwiano unaharibika, na majibu yanasema damu yako inachelewa kuganda wakati wewe ni mzima. Mwanafunzi aliyezoea kufokewa hatathubutu kusema "tyubu hii ina tatizo". Atapeleka hivyo hivyo maabara.

Na inaniuma kusema hili: kwenye darasa la nadharia yule bwana ni moto. Mpangilio wa kofia, yaani tyubu ipi ijazwe kwanza na ipi ifuate, bluu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu, wengine wanaukariri kama shairi. Yeye alitueleza sababu. Ndani ya zambarau kuna chumvi ya potasiamu inayokamata kalsiamu ili damu isigande, kwa hiyo ukianza na hiyo kisha ukaingiza nyekundu, punje ya dawa ikihamia huko tu, majibu yatatoka potasiamu juu, kalsiamu chini, na mtu asiye na tatizo ataanza kutibiwa moyo. Mpaka leo sijasikia mtu akilieleza vizuri vile. Lakini huyo huyo nilimuona kwa macho yangu akirudishia kifuniko sindano iliyotumika, kwa mikono miwili, na sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, iko hatua moja kutoka aliposimama. Sasa unampa maksi ngapi mtu kama huyo?

Halafu kuna Sista.

Sista ni nesi mstaafu, ndiye aliyekuwa anafundisha huduma ya kwanza. Ukimwamkia shikamoo anaitikia mpaka mwisho, anakuuliza na watoto. Alitupigisha magoti kwenye sakafu ya saruji tukibonyeza kifua cha mdoli, mibonyezo 30 pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 na zaidi kidogo, na ukilegea anakubonyeza bega: "Unampapasa au unamwokoa?" Magoti yaliuma, hakuna aliyenuna. Kuhusu kuungua alikuwa mkali kuliko yote. Dawa ya meno, hapana. Yai, hapana. Unga, mafuta, hapana. Maji ya kawaida yasiyo ya barafu, dakika 20, hata mtoto alie namna gani.

Muda si mrefu baada ya kumaliza, mtoto wa jirani akajimwagia uji wa moto mkononi. Nafika, shangazi yake ameshafungua dawa ya meno. Bombani maji hakuna, wiki nzima mgao. Nikavuta ndoo, nikachota kwa kopo, namwagia taratibu, mtoto analia, shangazi ananiita mchawi, mimi nasikia tu sauti ya Sista. Ndoo ikaisha, nikaletewa nyingine. Tukamfunika kitambaa safi, tukaenda hospitali. Leo ukiutazama ule mkono, alama huioni mpaka uoneshwe.

Jioni ile ningeulizwa, ningewapa wale nyota tano zote, na yule mwalimu ningemwandikia barua ya shukrani.

Ila sasa mapokezi. Wakati wa kujiunga niliambiwa, kwa lile tabasamu, kwamba nikimaliza "hospitali yoyote inakuajiri." Nimezunguka na cheti. Kila maabara swali ni moja: umesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara? Kozi fupi haikupi usajili huo. Ngazi inayotambulika ni kusoma astashahada au stashahada kwenye chuo chenye ithibati ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Nimerudi kuwauliza mbona hamkusema, nikajibiwa "mama, hukuuliza." Na ile hela tuliyochangishwa "ya vitendea kazi"? Vitendea kazi gani, zile tyubu?

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya Sista, maana mkono wa yule mtoto una thamani kuliko cheti. Mwenye kutaka huduma ya kwanza tu aende, mwenye kutaka ajira ya maabara asithubutu, na kabla hujalipa omba kuoneshwa boksi la tyubu ujisomee tarehe. Wakikuuliza kwa nini, waambie ni mama wa chapati ndiye amekutuma.

Nimeandika mpaka hapa, yule mdada wa viwiko vya zambarau ananijibu kwenye simu kwamba Sista alishaondoka pale, hawakuwa wanamlipa. Basi nyota moja. Anayejua anafundisha wapi siku hizi aniambie, nina binti wa dada yangu anatafuta pa kusoma.