TAHADHARI: Dampa za Datsun L24 zinazouzwa Kariakoo zimejazwa gundi ya chuma

Wakuu, tumepigwa. Tumepigwa mchana kweupe, watu watatu wazima, vernia (kipimo cha vipenyo) ikiwa mkononi, na aliyetupiga alitusikilizisha ushahidi wa wizi wake kwa masikio yetu wenyewe, sisi tukatikisa vichwa kumkubalia.

Ile Z mnaijua, Datsun yetu ya zamani yenye injini ya L24, sina haja ya kuanza upya. Kilichokuwa kinatafutwa ni dampa ya krenki (puli nzito inayofungwa mbele ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ili imeze mitikisiko yake) pamoja na puli ya kompresa inayofungwa mbele yake kwa boliti, zote za jozi moja. Muuzaji hatukumwambia mengi. Tulipotaja L24 tu, akamalizia mwenyewe: silinda sita, cc 2393, pistoni za milimita 83. Akatuonya tusije tukadanganywa na mtu tukapewa ya L28, injini nyingine. Sasa niambieni, mtu anayekuonya juu ya matapeli utamdhania tapeli?

Akaishusha kutoka rafu ya juu, imefungwa karatasi ya kaki yenye mafuta. Nyeusi inang'aa, alama za taimingi (za kupimia cheche inapiga wakati gani) zimetiwa rangi nyeupe safi, mfereji wa kii (kichuma kinachoizuia dampa isizunguke peke yake kwenye krenki) hauna jeraha. Akaiweka kwenye kioo cha kaunta, akampa fundi vernia apime tundu la katikati. Likawa sawasawa. Akaweka mkanda kwenye mfereji wa puli, ukakaa vizuri, haukugusa chini. Halafu akachukua spana, akaining'iniza dampa kwenye kidole, akaigonga ukingoni. Ngiiii! "Sikia bosi wangu, chuma hicho, siyo bati la Kichina." Tukasikia. Tukasifia. Mmoja wetu hata akaomba aigonge tena.

Dampa yenye raba hai hailii hivyo! Ni kitovu cha chuma ndani, ringi nzito ya chuma nje, katikati raba inayozishika. Ukiigonga ringi, raba inaumeza mlio, unasikia "dub" basi. Ikilia kama kengele ya shule maana yake ni kipande kimoja kigumu. Haya tunayajua sote, na siku ile hakuna aliyeyakumbuka.

Bei alikataa kushusha. Laki tatu na nusu, haipungui hata elfu kumi, na hilo nalo likatuongezea imani, maana mwizi wa kawaida hushuka haraka akuondoe dukani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, eti mtandao unasumbua, akaandika kwa mkono, pesa ikatumwa kwa simu kwenda jina ambalo si lake. Ndiyo, tuliliona hilo jina. Msitucheke.

Ilipofungwa, injini ikawaka kwa kupapasa. Taa ya taimingi ikaonyesha alama iko mahali pake kabisa, lakini kupandisha Kimara tu injini inagonga kama imetiwa kokoto. Plagi ya silinda ya kwanza ikatolewa, kikawekwa kizuizi cha pistoni (plagi ya zamani iliyotobolewa na kutiwa boliti), krenki ikazungushwa kwa spana polepole hadi pistoni iguse, ikawekwa alama, ikarudishwa upande wa pili hadi iguse tena, ikawekwa alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa kikweli. Alama ya sifuri kwenye dampa ya yule bwana ilikuwa mbali na hapo kwa milimita 16. Kwenye kipenyo cha milimita 150 kila digrii moja ni milimita 1.3, piga hesabu: digrii 12. Cheche ilikuwa inawahi kwa digrii 12 huku taa inatuambia mambo safi. Wiki moja ya hivyo kwenye joto la Dar na pistoni zingetoboka.

Ikapelekwa kwa mchonga vyuma Gerezani. Kwenye leti (mashine ya kuzungushia chuma) ringi ya nje ilicheza milimita 1.4, jicho linaona bila saa ya kupimia. Akaikata kwa msumeno. Juu, silikoni nyeusi ya gasketi iliyolainishwa kwa kidole. Chini yake, gundi ya chuma ngumu kama jiwe. Raba ilishakufa zamani na ringi ilishateleza. Wameisimamisha hapo hapo ilipoteleza, wakapiga rangi, ndiyo maana alama ilidanganya.

Nani anaona hili ni dogo? Krenki ya silinda sita ni ndefu. Kila silinda inapowaka inaisokota kidogo, inajirudisha, inasokotwa tena, kama nguo inayokamuliwa. Nyuma imeshikwa na flaiwili (gurudumu zito), kwa hiyo ncha ya mbele ndiyo inayotikisika zaidi, na kuna mwendo fulani wa injini ambapo mitikisiko hiyo inapandana. Ringi ya nje kwa uzito wake inataka kuzunguka bila kutetereka, raba inavutwa huku na huku, mtikisiko unaishia kuwa joto. Ukiweka gundi badala ya raba umefunga uzito mtupu mbele ya krenki. Boliti inalegea, kii inakula mfereji wake, mnyororo wa taimingi unapiga kelele, na kwa kuwa kwenye injini za L distribyuta (inayogawa cheche) inaendeshwa na gia ya hapo hapo mbele, cheche nazo zinayumba. Mwisho wake krenki inakatika. Huyu mtu anyang'anywe leseni! Tume ya Ushindani wanakamata viatu feki na betri feki, waje na hapa. TRA, watu wa kodi, nao waje na hiyo hadithi ya mtandao.

Kabla ya kununua: igonge, isilie. Choma ukucha kwenye raba. Silikoni inabonyea na kutoka uchafu mweusi. Rangi mpya juu ya raba, kimbia.

Ukifunga, safisha ncha ya krenki, paka oili kwenye mdomo wa sili (inayozuia oili isivuje), na angalia kama sehemu ya kitovu inayosuguana na sili haijachimbika. Usipige nyundo ringi ya nje hata siku moja, na kuitoa tumia pula ya boliti zinazoingia kwenye kitovu, siyo ile ya kucha. Boliti ya krenki kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), Nm 120 hadi 160. Weka rula ndefu kuanzia puli ya krenki hadi ya wota pampu na altaneta, zote ziwe mstari mmoja, la sivyo mkanda utajitafuna. Kisha chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovuni kupita raba hadi ringi ya nje, uwe unautazama kila unapopima oili. Ukikatika pale kwenye raba, ringi imeanza kutembea, toa kabla haijatoka yenyewe na kuingia kwenye rejeta.

Duka silitaji hapa. Aliyepanga kwenda Kariakoo wiki hii atuulize kwanza kwa simu. Vipande viwili vya ile dampa vipo gereji, gundi inaonekana wazi, na vitakaa hapo hadi vitakapotakiwa polisi.