Banjo ya mtumba ya nyuzi tano: ipi uitangulize, ipi uiache

Anayetaka kupiga bluegrass, muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi, anahitaji banjo ya nyuzi tano yenye rezoneta, lile bakuli la mbao la mgongoni linalosukuma sauti mbele isimezwe na fidla na gitaa. Mpya iliyo nzuri ni ghali, ndiyo maana wengi wetu hapa Marekani tunaanza na ya mtumba. Kwa mwenye dola 500 hadi 700, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Recording King RK-R35. Inatengenezwa China, lakini imefuata umbo la Gibson Mastertone, aina aliyoipiga Earl Scruggs, mpiga banjo maarufu wa bluegrass: duara la mbao ya mepo linalobeba ngozi, na juu yake pete nzito ya metali. Pete hiyo ndiyo inayoipa banjo ule mlio mkali. Ya pili ni Deering Goodtime Two ya California. Haina pete, kwa hiyo mlio wake ni mpole zaidi, ila ni nyepesi. Mwenye maumivu ya mgongo aitangulize hiyo. Ya tatu ni nakala za Kijapani za miaka ya 1970. Humo mna lulu na mna takataka, na jina lililoandikwa kichwani halikusaidii, hivyo usilipe kabla ya kuifungua. Za mwisho ni zenye duara la aluminiamu. Hizo nazipenda kwa mtoto anayejaribu tu, tena kwa bei ya chini kabisa.

Kuifungua ni rahisi, ila mwombe muuzaji ruhusa kwanza. Rezoneta nyingi zimeshikwa na skrubu nne za kuzungusha kwa vidole. Itoe, utazame pale shingo inapoungana na duara. Hapo usiwe na haraka: tafuta ufa, tafuta gundi iliyomwagika, tikisa kidogo uone kama shingo inacheza. Kisha funga jicho moja uitazame shingo kutokea kichwani, kama seremala anavyokagua ubao. Iliyopinda kidogo mara nyingi hunyooshwa kwa chuma kilichomo ndani yake. Iliyojisokota iache, hata ukipunguziwa bei.

Ngozi iliyochanika isikutishe. Siku hizi ni ya plastiki, na ya inchi 11 inapatikana kirahisi.

Banjo nyingi hudhaniwa mbovu kwa sababu ya kidaraja, kile kipande kidogo cha mbao kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi. Hakigundishwi, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na kikisogea noti zote zinapotoka. Gusa uzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vipande vyembamba vya metali vinavyokatiza shingo) bila kuubonyeza, usikie mlio wa kengele, kisha ubonyeze hapo hapo upige. Noti ya pili ikiwa juu zaidi, kisogeze kidaraja kuelekea mkiani, yaani mbali na shingo.

Malizia na kigingi cha uzi wa tano, kilichochomoza ubavuni mwa shingo karibu na freti ya 5. Uzi huo unapigwa kwa dole gumba karibu muda wote, kwa hiyo kigingi kikiteleza hutapiga wimbo ukaisha. Kipya chenye gia kinapatikana. Ulizia gharama yake mapema, uikate kwenye bei kabla hujatoa pesa.