Bolti za ekzosti zilizoshika kutu: ununue kipi kwanza, kipi baadaye

Gari nyingi tunazoendesha Mwanza, IST, Passo, Noah, Probox, zilianza maisha Japani, na mara nyingi kutu ya ekzosti ilianzia hukohuko. Mikoa yao ya theluji, Hokkaido hasa, humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari msimu hadi msimu. Kwa hiyo tusilisingizie Ziwa Victoria. Maji yake ni ya baridi, hayana chumvi. Sisi tunamalizia tu. Mawe ya barabara za mlimani na matuta yanagonga bomba, halafu safari fupi za Buzuruga hadi mjini haziipi ekzosti muda wa kupata moto na kukauka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na mvuke huo hupoa ndani ya bomba na sailensa.

Ukitaka kubadilisha gasketi (kizibo chembamba cha kwenye maungio) au kipande cha bomba nyumbani, kazi yenyewe si ngumu. Kinachokwamisha ni bolti mbili tatu ambazo hazitaki kutoka. Vifaa hivi nimevipanga kwa kigezo kimoja: kinachoitoa bolti ikiwa nzima kinakaa juu ya kinachotegemea mabavu. Studi (bolti isiyo na kichwa) ikikatikia ndani ya manifoldi (sehemu ya ekzosti inayofungwa kwenye injini), kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya fundi wa kuchomelea, na gharama yake inapita bei ya vifaa vyote nilivyovitaja hapa.

Stendi za jeki sizihesabu kwenye orodha kwa sababu hazina mbadala. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

1. Soketi za pembe sita

Seti nyingi zinazong'aa madukani zina soketi za pembe kumi na mbili. Hizo hushika kona za kichwa cha bolti tu, na kona zilizoliwa na kutu hukubali kulika zaidi, mwisho kichwa kinakuwa duara. Ya pembe sita hukumbatia ubapa wote. Kwa Toyota nyingi namba utakazohitaji kwenye ekzosti ni 12 na 14 (milimita za upana wa kichwa, siyo unene wa bolti), kwa hiyo soketi mbili nzuri zina faida kuliko sanduku la vipande arobaini. Tafuta maandishi Cr-V, au Cr-Mo kwa zile nyeusi nene; ni majina ya aina za chuma imara.

Nenda dukani na bolti ya zamani ya namba 14 mfukoni. Washa taa ya simu, mulika ndani ya soketi uhesabu pembe, kisha ingiza bolti uizungushe kwa vidole kushoto na kulia. Ikicheza sana, rudisha uombe nyingine. Muuza duka akikukataza kujaribu, nenda duka la pili.

2. Mafuta ya kulegeza kutu, na muda

WD-40 ndiyo kila mtu anaijua. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na herufi zake zinaeleza kazi yake ya awali: kufukuza maji. Kwa kutu nyepesi inatosha. Kwa ekzosti ya miaka kumi na tano, chukua kopo lililotengenezwa mahsusi kwa kupenya kutu. Soma maandishi ya kopo, usinunue kwa rangi. Wapo wanaochanganya aseton na oili ya gia boksi ya otomatiki nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, lakini hujitenga ukitulia, kwa hiyo utikise kila unapotumia, na unawaka moto upesi mno. Breki fluidi iache, inachubua rangi ya gari.

Wengi hupuliza, husubiri dakika tano, wakakamata spana. Hapo mafuta hayajafika popote. Sugua kwanza thredi (nyuzi za bolti) zilizo wazi kwa brashi ya waya hadi uone chuma, puliza jioni, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili kutu ipate nyufa, puliza tena kabla ya kulala, na asubuhi rudia. Brashi ya waya ni ya bei ndogo kuliko vitu vyote hapa, na bila hiyo nusu ya kopo inapotea bure.

3. Kichomeo cha gesi

Kwa uwezo, moto ungekuwa wa kwanza. Nimeushusha kwa sababu ya hatari. Chuma kikipanda nyuzi 500 za joto, tundu la nati ya milimita 10 hupanuka kwa takribani milimita 0.06. Ni kidogo kwa macho, lakini kutu haihitaji zaidi ya hapo ili iachie. Elekeza moto kwenye nati, siyo kwenye bolti. Ikianza kuwa nyekundu, ondoa moto, gusisha mshumaa kwenye thredi, nta itavutwa ndani.

Nunua kichwa cha kuchomea kinachofungwa kwenye kopo la gesi, chenye swichi ya kujiwasha. Usiunge mpira wa jiko la nyumbani. Futa mafuta yote ya kulegeza kabla ya kuwasha, na usisafishe kwa spreyi ya breki kisha ukachoma: baadhi yake zina klorini, na zikipata moto hutoa fosijeni, gesi ya sumu. Karibu na tangi, mipira ya mafuta au ya breki, moto usiwepo kabisa.

4. Mkono mrefu wa soketi

Sentimita 45 zinatosha. Mafundi wengi huongeza bomba, na hapo ndipo bolti zinapokatika. Mkono wa sentimita 60 ukiusukuma kwa uzito wa kilo 30 unatoa karibu nyutonimita 180 (kipimo cha nguvu ya kukaza), wakati bolti yenye unene wa milimita 10 ya daraja la 8.8 (alama ya uimara wa bolti) hukazwa kwa 45 hadi 50 tu, na ya milimita 8 kwa karibu 25. Anza kwa kukaza kidogo, kisha legeza. Ikilia "kwii" inasogea. Irudishe nusu mzunguko, ongeza mafuta, endelea. Ikizunguka laini bila sauti kama inavutika, acha mara moja. Inajikunja.

5. Mashine ya kugonga ya betri

Inafaa kwa anayetengeneza pia gari za ndugu na majirani. Mtikisiko wake huvunja kutu bila kukunja bolti sana, ila sehemu nyingi za juu ya gia boksi haiingii. Kabla ya kulipa, ulizia kama betri ya akiba inapatikana mjini.

6. Grenda

Kwa nati iliyoharibika tayari, yenye diski nyembamba ya milimita 1. Miwani, na mbali na tangi. Karibu na tangi tumia msumeno wa chuma.

7. Vichomoa bolti zilizokatika

Viache dukani. Chuma chake ni kigumu lakini hukatika kirahisi, na kikikatikia ndani ya shimo, keekee ya kawaida haitakitoboa.

Pesa iliyobaki nunulia bolti mpya za 8.8, gasketi mpya, na kopo dogo la grisi ya shaba, ambayo huhimili joto la takribani nyuzi 1,100. Paka kidogo kwenye thredi tu. Ukiipaka kwenye sensa ya oksijeni, isifike kwenye ncha yake, maana ikichafuka taa ya injini itawaka na utanunua sensa nyingine.