Vipindi vya masomo au mada moja?

Darasa la tatu linaweza kwenda kwa vipindi: hisabati, kengele, lugha, kengele, sayansi. Au mwalimu achukue mada moja, tuseme mimea, aipitishe kwenye masomo yote kwa wiki mbili.

Kwa mada, mtoto anapima mche wake wa maharage kila asubuhi kwa rula. Jana sentimita 4, leo 5 na nusu. Hapo hapo anajifunza kutoa, nusu inapata maana, grafu anaichora kwa namba zake mwenyewe, kisha anaandika sentensi tatu kwenye shajara. Mche ukinyauka, huzuni nayo inaandikwa.

Ila hisabati haipendi kuburutwa. Mtoto anayedhani 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, eti kwa sababu 8 inaizidi 4, hasaidiwi na mche. Anataka mwalimu akae naye, wakunje karatasi mara mbili, wahesabu vipande vinne, waikunje tena vipatikane vinane, aone kila kipande kilivyopungua. Mada ikilazimishwa hapa, unapata hesabu zile zile zimevishwa majani tu.

Michezo na muziki havibadiliki sana kwa njia yoyote.

Mimi ningeweka hisabati na kusoma kwa vipindi asubuhi, akili zikiwa mbichi, halafu sayansi, maarifa ya jamii na sanaa ziende kwa mada. Kwa mzazi, vipindi vinaonyesha haraka mtoto amekwama wapi. Kwenye mada itabidi mzazi afungue daftari mwenyewe.