McIntosh MA252: Amplifaya Iliyogawa Vyema Kazi ya Valvu na Kazi ya Transista

Kampuni ya McIntosh, ambayo imekuwa ikitengeneza vifaa vyake mjini Binghamton, jimbo la New York, tangu miaka ya 1950, ilikwisha kujijengea jina kwa amplifaya za valvu, yaani vile vichupa vya kioo vilivyokuwa vikiwaka ndani ya redio za mbao za zamani, na pia kwa amplifaya za transista, vile vijisehemu vidogo vya semikonda vilivyochukua nafasi ya valvu katika vifaa vingi, muda mrefu kabla ya kuziunganisha teknolojia hizo mbili ndani ya amplifaya moja jumuishi, yaani inayobeba hatua ya awali na hatua ya nguvu katika chombo kimoja. MA252, iliyoingia sokoni mwaka 2018 kwa bei ya dola 3,500 za Marekani, ndiyo ya kwanza ya aina hiyo kutoka kwao. Nimeisikiliza kwa utulivu na kwa spika za aina tofauti, na ninaloliona kuwa fahari yake kubwa ni usanifu: kila sehemu imepewa kazi inayoiweza, wala hakuna valvu iliyopachikwa kwa ajili ya kupendezesha macho tu.

Ili kuuthamini mgawanyo huo, ni vizuri kukumbuka udhaifu wa kila upande. Valvu ni hodari wa kukuza volteji ya mawimbi madogo ya sauti, lakini hushindwa kutoa mkondo mkubwa wa umeme unaohitajiwa na spika yenye ukinzani wa omu 4 au 8. Kwa sababu hiyo amplifaya nyingi za valvu tupu hulazimika kuwa na transfoma ya kutolea sauti kati ya valvu na spika, na transfoma hiyo ni nzito, ni ghali, na ikiundwa kwa kubana gharama hupunguza besi ya chini kabisa pamoja na sauti nyembamba za juu. Amplifaya mashuhuri ya kampuni hiyohiyo, MC275 ya mwaka 1961, hutoa wati 75 kwa kila upande kwa kutumia valvu za KT88, na toleo lake la sasa lina uzito unaozidi kilo 30, sehemu kubwa ya uzito huo ikiwa ni transfoma. Transista, kwa upande wake, hutoa mkondo mwingi bila taabu na huweza kuiendesha spika moja kwa moja.

Ndani ya MA252 mna valvu nne: mbili za 12AX7A na mbili za 12AT7. Ile ya kwanza, ambayo Ulaya hujulikana kama ECC83, imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1940, na uwezo wake wa kukuza volteji hufikia takribani mara 100. Ya pili hukuza kidogo zaidi ya nusu ya kiasi hicho, ila hupitisha mkondo mwingi zaidi, kwa hiyo inafaa kusukuma hatua inayoifuata. Sauti hupita kwanza katika valvu hizi, kisha hukabidhiwa transista ambazo ndizo zinazobeba mzigo wa spika. Mpangilio huu una faida ambayo mnunuzi huitambua baada ya miaka: valvu ndogo za hatua za mwanzo hazifanyi kazi ya suluba kama valvu za nguvu, hudumu kwa maelfu ya saa, na hapa zinapochakaa hubadilishwa bila fundi kuhitaji kurekebisha chochote. Zipo amplifaya nyingi za bei nafuu zinazojiita za mchanganyiko, ambazo valvu yake hupewa volteji ndogo isiyotosha kuifanya ifanye kazi ipasavyo, huku taa ikiwekwa chini yake ili ionekane inawaka. Hizo ni hadaa, na ni jambo la heshima kwamba McIntosh hawakufuata njia hiyo.

Kuhusu nguvu, MA252 hutoa wati 100 kwa kila upande kwa spika za omu 8 na wati 160 kwa spika za omu 4. Tarakimu hizi mbili zinaeleza uamuzi muhimu wa wasanifu. Amplifaya kubwa za transista za McIntosh hutumia otofoma, aina ya transfoma inayokaa kati ya transista na spika, ambayo huziwezesha kutoa nguvu ileile iwapo spika ni ya omu 2, 4 au 8. Katika MA252 otofoma imeachwa, na ndiyo maana uzito wa chombo kizima ni takribani kilo 13 tu na nguvu yake huongezeka ukinzani wa spika unaposhuka. Wapo watakaosema kwamba McIntosh isiyo na otofoma imepoteza asili yake. Sikubaliani nao, kwa kuwa otofoma ingeongeza bei na uzito na kukifanya chombo hiki kuwa kingine kabisa, na kwa spika nyingi za majumbani zilizopo leo hakuna kinachopungua.

Umbo lake limefuata desturi ya MC275: fremu ya chuma cha pua kilichong'arishwa, valvu zikiwa wazi juu yake ndani ya kinga za nyaya, na mapezi ya kupozea joto pembeni yaliyokatwa yakafuata herufi za jina la kampuni. Mbele kuna vifundo viwili vikubwa na kioo kidogo cha maandishi, na hapana zile mita za bluu za kuonyesha nguvu ambazo wengi huitambulia McIntosh. Kazi ya mita imepewa, kwa kiasi fulani, taa za LED zilizo chini ya valvu: huwa na rangi ya kaharabu wakati valvu zinapasha moto, hugeuka kijani zikiwa tayari, na hurudi kaharabu kwa muda mfupi pale mfumo wa Power Guard unapozuia sauti isiharibike kwa amplifaya kuzidiwa. Wazo hilo ni zuri. Rangi ya kijani, hata hivyo, hufunika wekundu hafifu wa valvu zenyewe, nami nazizima taa hizo kila ninaposikiliza usiku. Ni bahati kwamba wasanifu wameruhusu kuzizima.

Sasa sauti yenyewe. Nilianza na rekodi za taarabu ya Unguja, kwa kuwa muziki wenye udi, kanuni, fidla kadhaa na mwimbaji mmoja mbele hufichua upesi kasoro za amplifaya: fidla zikichezwa pamoja huweza kugeuka ukelele mmoja mkali, na nyuzi za kanuni huweza kusikika kama vigae vya kioo. Katika MA252 kila fidla ilibaki na nafasi yake, kanuni ikameta bila kuchoma masikio, na pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza ubeti ilisikika waziwazi. Besi ilikuwa imara na ilikoma pale ilipopaswa kukoma, jambo ambalo ni sifa ya transista. Anayetafuta ule utamu mzito wa valvu tupu za zamani, ambao huulainisha kila muziki hata usiohitaji kulainishwa, hataupata hapa. Ajiwekee akiba anunue amplifaya ya valvu kamili. Kwangu mimi uwazi huu ndio unaofaa kwa kusikiliza kwa saa nyingi.

Kuna mapungufu. Hakuna mlango wowote wa dijitali, hivyo anayesikiliza kutoka kwenye simu au kompyuta lazima aongeze kifaa cha kubadilisha mawimbi ya dijitali kuwa ya analogia. Mlango wa santuri upo na ni mzuri, lakini ni wa sindano za aina moja tu, ile ya sumaku inayosogea (MM). Kurekebisha besi na sauti za juu kunafanyika kupitia menyu, na kwa kifaa cha bei hii ningependa vifundo vya mkono. Sehemu ya hedifoni, kinyume chake, ilinishangaza kwa nguvu na utulivu wake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kuiagiza, la kwanza ni volteji. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120, kwa hiyo usishawishike na bei ya chini ya mitumba ya huko kabla ya kujua kibandiko cha nyuma kinasema nini. Tafuta kilichoundwa kwa volti 230 au 240, na ukiwekee stebilaiza nzuri kwa sababu umeme wetu hupanda na kushuka. Katika joto la pwani usikifungie kabatini: valvu na transista zote hutoa joto, na mapezi yale yanahitaji hewa inayotembea pande zote. Valvu za akiba za aina zote mbili bado zinatengenezwa na hazina bei ya kutisha, basi ziagize pamoja na amplifaya yenyewe ili gharama ya usafirishaji uilipe mara moja.